Viatu vya Baba Mkwe

Alhamisi, mvua tangu asubuhi

Na mimi ndiye niliyemwambia! Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka baba mkwe kliniki kutoka Simbo. Kioo kikaingia ukungu, nikawasha hita, na ile harufu ya kitu kilichooza ikajaa gari zima. Nikasema, "Baba, samahani, labda ni viatu." Mzee wa watu akavivua, akavishika nje ya dirisha, mvuani, hadi mjini.

Leo fundi wa Mwandiga amefungua feni ya hita. Panya alikuwa amejenga humo, akalimbikiza dagaa, kisha akafia juu ya akiba yake. Fundi alitoka mbio kwenda kutapika. Tumeosha, tumekausha, harufu imekwisha.

Nikaenda moja kwa moja Simbo kuomba radhi. Mke wangu hawezi kunisamehe kabla ya baba yake.

"Shikamoo, baba. Havikuwa viatu. Alikuwa panya."

Akashusha sauti. "Viatu nimevifukia."

"Wapi?"

"Nyuma ya zizi la mbuzi. Niliona aibu."

Tukachukua jembe, tukavifukua. Wiki nzima ndani ya samadi mbichi! Akavikung'uta, akavivaa, akapanda mbele nimlete kwetu kwa chakula.

"Funga vioo, uwashe hita," akasema, "tusikie kama harufu imekwisha."

Nikawasha. Machozi yakanitoka njia nzima. Alipouliza, nikamwambia gari sasa linanukia.