Mkono Aliopewa Mwingine

Shoga, acha unachofanya unisikilize.

Tunarudi kutoka kwa wifi, tukakuta gari limesimama kando ya barabara, mwanamke yuko ndani anajifungua! Mumewe analia tu. Mama mkwe, na ukunga wake wa miaka thelathini, akashuka mbio na shuka langu jipya. Mimi nikamshikia chupa za maji.

Na mume wangu? YULE YULE anayesema damu inamtia kizunguzungu?

Alimshika mkono yule mwanamke! Akamfuta jasho! "Vuta pumzi dada, taratibu, umebakiza kidogo."

Umebakiza kidogo!!

Mimi nimemzalia watatu, shoga. Mara zote tatu alibaki nje.

Mtoto katoka salama, wa kike. Wanamshukuru yeye utafikiri ndiye kazaa.

Kwenye gari nikamuuliza, maneno matamu hayo umeyatoa wapi? Mama mkwe akajifanya kasinzia.

Akasema, "Kwako. Mkunga aliyekuzalisha alikuwa anakuambia hivyo hivyo. Nilibandika sikio mlangoni mara zote tatu, naogopa kuingia."

Bado nimenuna. Ila sasa sijui namnunia nani.