Kikombe cha Mzazi

Jumatano, 9 Julai 2025 – Ngaramtoni

Nimefika. Magoti yamekufa ganzi, kofia nimeisahau mpakani Holili. Kutoka Wundanyi hadi hapa ni safari ya siku moja – na mimi imenichukua miaka mitatu kuifunga!

Watu nimewaambia nimekuja kumwona mjukuu. Kweli, lakini si yote. Nimekuja kumwomba Tabitha msamaha kwa kutokwenda harusini kwake. Nilisema sikumlea peke yangu ili aje kuolewa ng'ambo ya mpaka. Mjomba wake Nelson ndiye aliyemwingiza kanisani. Mimi siku hiyo nilibaki shambani nikipalilia mahindi. Mahindi yenyewe hayakuwa na magugu.

Sasa aibu ya leo. Mama Lengai, mama yake mkwe wangu, alinikalisha sebuleni, akaweka mezani kikombe cha bati kilichofunikwa kwa sahani, akatoka. Mama mmoja kwenye foleni ya mpakani alikuwa amenionya: kwa Waarusha usikatae kilichowekwa mbele yako. Basi nikafunua. Mafuta! Mafuta ya kondoo, ya moto, yamechemshwa na magome ya mti. Uchungu unaokamata hadi masikio. Nikanywa yote, kiume, machozi yananitoka.

Kumbe ni cha Tabitha! Ndicho anachokunywa mzazi kila siku saa nne, arudishe nguvu. Mama Lengai alishika kichwa, akaita nyumba nzima ije ione. Akasema basi mtoto aletwe, nimnyonyeshe mimi.

Tabitha akatokea mlangoni na sweta lake kubwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka mitatu sijasikia kicheko hicho. Nikasahau kabisa nilichokuja kusema.

Alhamisi, 10 Julai

Tumbo linanguruma Kiarusha.

Mjukuu anaitwa Naipanoi, wiki tatu. Kichwa ni changu, maskini.

Tabitha alinimiminia chai, akauliza: Baba, sukari vijiko vingapi? Vitatu! Tangu ana miaka mitano alikuwa anajua ni vitatu. Ameniuliza kama anavyoulizwa mgeni. Imeniuma, sitadanganya.

Ijumaa, 11 Julai

Saa nne kikombe kikaja. Mama Lengai akaitwa nje, ng'ombe amekata kamba. Tabitha akakisukuma kwangu taratibu.

– Baba, nisaidie. Mara moja tu.

Nikamtazama nikakumbuka ile malaria yake, darasa la kwanza. Mwarobaini kwenye bakuli, yeye kafunga mdomo kwa mikono miwili. Nilikuwa napiga funda la kwanza mimi, namwambia: Baba anaanza. Ndipo anafumba macho na kumeza. Hata dawa ya minyoo ilikuwa hivyohivyo.

Leo nimekunywa mpaka mwisho. Mama Lengai aliporudi akakuta kikombe kitupu, akamsifu mkwewe. Jioni chai yangu ilikuja na vijiko vitatu. Hakuuliza.

Jumapili, 13 Julai

Vikombe vitatu sasa, ukiondoa kile cha aibu. Uso umeanza kung'aa! Baada ya ibada Mama Lengai alinipitisha kwa wenzake wa kwaya, akiwaambia hewa ya Ngaramtoni imenipokea. Nikaitikia amina. Nyumba ya Bwana, na bado nadanganya.

Msamaha sijaomba. Najiambia kunywa huku ndiko kuomba kwenyewe. Tunakonyezana, tunacheka, nikienda kulala nakuta neno bado liko palepale.

Jumatatu, 14 Julai

Siku mbaya. Asubuhi Tabitha alipata kizunguzungu uani, akaanguka na beseni la nepi. Mtoto alikuwa kwangu, Mungu mkubwa. Lengai, mumewe, akafunga duka lake la spea Kaloleni mjini, akaja mbio kumpeleka zahanati. Damu iko chini kidogo. Amepewa vidonge, ameambiwa ale vizuri na apumzike.

Lakini Mama Lengai! Nimemkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, analia kimya. Kondoo alimchagua mwenyewe. Magome aliyafuata mwenyewe kwa dada yake, mbali huko.

– Labda nimekosea kipimo, Baba Tabitha. Ni mtoto wa mwenzangu, mama yake hayupo. Ningemwambia nini mama yake?

Ningeomba ardhi ipasuke. Nikakiri. Vikombe vyote. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikasema na habari ya harusi, na kwamba tangu nifike nashindwa.

Akafuta macho kwa khanga.

– Kwa hiyo wanaume wa Kitaita mnakunywa mafuta ili msiongee?

Kisha akacheka, nami nikacheka, ingawa sikustahili. Akasema kesho atachemsha kama kawaida, atakiweka mezani, halafu ataenda kwa jirani. Tutajuana wenyewe. Nampenda huyu mama. Nilikataa kumfahamu miaka mitatu, mjinga mimi.

Jumanne, 15 Julai

Kesho narudi. Saa nne na dakika kumi. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, mlima hauonekani. Kikombe kiko mezani, Mama Lengai ameshaondoka.

Tabitha amekuja akakaa. Akakisukuma kwangu kama kawaida. Nikakirudisha katikati ya meza. Nikamwambia leo hapana, Mama Lengai anajua, na jana alilia.

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi:

– Nilikuwekea kiti, Baba. Mbele kabisa, kanisani. Nilimkataza kila mtu kukikalia.

Nikafungua mdomo – na Naipanoi akaanza kulia chumbani! Tabitha akainuka. Alipofika mlangoni akageuka, akaonyesha kikombe kwa kidevu.

– Nakuja kumaliza. Lakini baba anaanza.

Nimekunywa nusu. Yake nimeiacha, nimeifunika isipoe. Naandika ili mikono isikae bure. Mtoto amenyamaza.

Nitaanzia hapa: mahindi hayakuwa na magugu.

Ndala zake hizo, anarudi –