Kwa Nini Baba Yako Alikulia kwa Wajomba

Mjukuu wangu Subira,

Barua yako imenifikia hapa Rinkeby, Uswidi. Unaniita bibi na mimi bado nanyonyesha! Mdogo anaota meno, na Zawadi nikimsemesha ananijibu Kiswidi. Nimechoka, lakini swali lako nalijibu: kwa nini baba yako alikulia kwa wajomba, wakati babu yako ndiye aliyekuwa kaka yetu mkubwa.

Juzi, kwenye shule ya watu wazima, mwalimu alitusimulia habari za mrithi wa mfalme wa Hispania ya zamani. Alikufa kabla ya baba yake, akaacha wana wadogo. Mwalimu akauliza, "Nani apewe kiti?"

Nikawahi kujibu: "Mdogo wa marehemu! Mtoto anajua nini?"

"Mama Zawadi," akacheka mwenzangu wa Bukavu, "umeshafukuza yatima!"

Kweli, mwalimu akasema, mama yao alikimbia nao nchi ya jirani.

Nilishtuka hadi kalamu ikanidondoka. Maneno yaleyale niliwahi kuyasema Kigoma. Babu yako alipofariki, baba yetu mzee alituuliza watoto wake mmoja mmoja nani aachiwe nyumba na shamba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikajiona mkubwa kwa kuulizwa. Nikajibu hivyo, baba yako amekaa pale pale. Kesho yake mama yake akamchukua wakaondoka.

Msomee baba yako barua hii yote, usiruke kitu. Siku ile, nilipokuwa nikisema, alikuwa ananiangalia.

Bibi yako akupendaye,
Mama Zawadi