Kikombe cha Baba Kidoti

Jumamosi, 13 Januari

Leo tumekwenda duka la dawa za Kichina. Njia nzima mume wangu alitangulia mbele kama hatujuani. Mlangoni akageuka – nikajua anataka kurudi nyumbani. Nikamwambia ukitoroka naingia peke yangu na kueleza kila kitu, tena kwa sauti. Akaingia!

Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Ukuta mzima ni droo, ndogondogo. Alimshika Baba Kidoti kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akatulia kama anasikiliza redio ya mbali. Kisha akamwambia atoe ulimi. Mtu mzima, fundi makochi, mikono imeganda gundi, katoa ulimi kama mtoto. Nilijikaza nisicheke.

Akauliza yalianzaje. Baba Kidoti anatazama viatu. Nikaeleza mimi: mwaka juzi binti yetu aliugua matumbwitumbwi, akamwambukiza baba yake. Mtoto akapona upesi. Yeye akavimba mpaka huko chini. Tangu hapo tunatafuta mtoto wa pili, hakuna kitu. Hospitali walisema mbegu ni chache, tena zimelegea.

Yule mama akasema hospitali tusiache, na vipimo turudie. Hakuahidi kitu. Ndiyo maana nimemwamini.

Jumapili, 14 Januari

Mizizi, magome, vitu kama kokwa, na vingine sijui ni nini. Chemsha, chuja, chemsha tena. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nyumba inanuka kama kiatu kilicholowa tope. Alikunywa amefumba macho. Kidoti akampigia makofi.

Ameniapisha: mama yake asijue. Mama akijua, ukoo mzima umejua. Pale karakana tayari wanamtania kwamba anachoweza kujaza ni makochi tu. Anacheka nao. Akirudi nyumbani, chakula hakipiti.

Jumatano, 21 Februari

Sasa anakunywa bila kusukumwa. Jana alinikumbusha mwenyewe kubandika sufuria. Anapiga mluzi akigonga misumari. Moyoni natumaini. Mdomoni sisemi.

Alhamisi, 21 Machi

Mama mkwe! Hakupiga simu, hakutuma mtu. Begi kubwa – amekuja kukaa. Hata hakuketi, moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria. Akauliza nani anaumwa humu ndani.

Baba Kidoti alikuwa ameshika kikombe. Akanitazama. Yale macho! Mdomo wangu ukatangulia, akili ikafuata nyuma. Nikasema ni yangu, Mama, ya kizazi. Nikakitoa kikombe mkononi mwake nikanywa mbele yao. Chungu, jamani. Kumbe ndicho anachovumilia kila siku.

Mama akanikumbatia. Akasema siku zote alijua tatizo liko kwangu, alikuwa ananingoja tu nikiri kwa hiari yangu. Baba Kidoti akasema anakwenda kuangalia mbao. Mbao gani, jioni ile?

Jumapili, 24 Machi

Jiko si langu tena. Pakiti za dawa Mama analala nazo. Asubuhi na jioni ananisimamia mpaka tone la mwisho, halafu ananipangusa mdomo kwa pindo la nguo yake. Ananipenda kweli. Hapo ndipo pagumu.

Leo Kidoti kasema, hiyo ni ya baba. Bibi yake akacheka, akamwambia ndiyo mjukuu wangu, kila kitu humu ndani ni cha baba.

Mume wangu hajaonja dawa tangu siku ile. Nilimwambia tumweleze tu, ni mama yake, hatamla. Akasema, "Mama Kidoti, vumilia kidogo. Atarudi kwake."

Kidogo ya nani?

Jumanne, 2 Aprili

Nimepitiliza siku zangu. Na harufu ya gundi, niliyoizoea kama sabuni, leo imenitoa nje mbio.

Nikanunua kipimo. Mistari miwili! Wa pili umefifia kama uzi uliofuliwa sana, lakini upo. Nimeuona! Nilikaa chooni nikacheka, mkono mdomoni nisisikike. Dawa au Mungu au vyote viwili, sijui. Upo.

Halafu, mkono bado uko mdomoni, nikasikia ule uchungu wa asubuhi kwenye ulimi. Dawa ya mwanaume. Nimekuwa nainywa kama chai.

Alhamisi, 4 Aprili

Jana asubuhi Mama alipogeuka nilimwaga kikombe kwenye gunia la vipande vya sponji. Jioni hakugeuka. Nikanywa, nikaenda kujitapisha.

Leo nimekimbilia dukani. Nikamweleza yule mama yote, mpaka la mkwe. Akavaa miwani, akanitazama, akaivua. Akasema mwenye mimba dawa ile asiiguse, niache leo, si kesho, na niende kliniki wanitazame. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikapitiliza hadi karakana. Baba Kidoti alikuwa na misumari mdomoni. Nilipomnong'oneza, aliitoa mmoja mmoja, akaipanga juu ya kochi la watu. Macho yakamjaa. Kisha nikamwambia la dawa, uso ukabadilika.

Nikamwambia sasa aseme. Tukimwambia mimba peke yake, Mama atasema dawa imeshika, ndiyo niongeze isije ikatoka. Namjua. Tukisema dukani wamekataza, atakwenda kuuliza mwenyewe, na yule mama hawezi kusema uongo.

Akaniomba nimpe muda apange maneno. Maneno gani ya kupanga, Baba Kidoti?

Jioni nilisema tumbo limechafuka. Mama akanionea huruma. Kesho ataichemsha nzito zaidi.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika upesi, chumbani. Nimesema naja kubadili gauni.

Kikombe kiko mezani. Mama alisema, kunywa mwanangu ingali moto. Nikasema sinywi. Sijawahi kumkatalia kitu huyu mama. Hakukasirika. Akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio umenichoma: "Basi unataka nimwambie mwanangu akatafute kwingine?"

Mwanawe alikuwa pale pale, kiatu kimoja mguuni. Akainama kutafuta cha pili. Nikaingia huku nikasukuma mlango.

Nimeamua. Akiondoka kimya, nitasema mimi. Aniite mke mbaya. Aibu yake nimeibeba kwa moyo mmoja, na ningeibeba hata mwaka, lakini huyu wa tumboni simbebeshi.

Nasikia viatu. Vinakwenda mlangoni.

Vimesimama.

Vinarudi! Vinapita mlango wangu, vinakwenda mezani.

"Mama, lete hicho kikombe. Ni changu."

Mama anauliza chako kivipi, wewe una kizazi? Anacheka kidogo. Kisha hacheki.

 

Kiti kimevutwa. Baba Kidoti amekaa, anaanzia kwenye matumbwitumbwi.