Wifi na Njia ya Reli

Azaiba, Alkhamisi usiku

Na mpango ni wangu! Mimi ndiye niliyesoma habari za ile njia ya Uingereza, reli ya zamani iliyong'olewa ikafanywa njia ya baiskeli, tambarare, miti huku na huku. Mimi ndiye niliyepanga twende taratibu, tusimame kunywa chai, tufike jioni bila ya kuchoka.

Leo mchana kwa mama mkwe, Qurum, wifi yangu Zuwena kainua uso kwenye sinia akasema mbele ya watu wote, "Nna fikra. Likizo hii tukaendeshe baiskeli kwenye njia ya reli." Neno kwa neno, kama nilivyomweleza jikoni kwangu. Mume wangu akamwambia, "Mashaallah, dada, fikra nzuri." Kisha Zuwena akanigeukia. "Wewe, wifi, utabaki na watoto. Magoti yako hayo."

Nilitabasamu. Nikamsogezea pilau, nikazidi kutabasamu.

Magharibi nimempigia simu mdogo wangu anayesoma kule Uingereza, akatukodishie baiskeli. Ya mume wangu moja, za watoto ndogo. "Na mimi na wifi," nikamwambia, "tutafutie moja ya watu wawili."

"Nani atakaa mbele?"

"Mwenye mpango."

Nna wasiwasi kidogo, huenda Zuwena huko nyuma asinyonge pedeli, nikamvuta peke yangu. Na magoti kweli yananiuma. Basi na yaume. Usukani wangu, breki zangu. Kila akitaka kusimama itabidi aniombe kwa sauti, na mimi upepo utakuwa umeniziba masikio.