Si Mbegu za Mahindi, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na macho je? Najua barua hii anakusomea mke wangu Neema, kama zile zilizotangulia. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechoka kabisa. Ningepiga simu, lakini jambo hili kila nikitaka kulisema ulimi unakuwa mzito.

Mjomba aliniambia umewatangazia watu wa Kibakwe kwamba mwanao yuko Ujerumani anatengeneza mbegu. Naye huko sokoni Kibaigwa ameshawaahidi wakulima mahindi ya kuvumilia ukame! Mama, si mbegu za mahindi. Ni mbegu za kiume. Nisamehe, haya si maneno ya mtoto kumwambia mama yake.

Kwenye mbegu ya mwanamume kuna protini inayoiwezesha kuungana na yai la mwanamke. Tunawadunga sungura protini hiyo, na damu yao inatengeneza kingamwili za kuitambua. Kisha kingamwili hizo tunazitia rangi, tunazidondosha juu ya mbegu kwenye kioo na kuchungulia kwa darubini. Zikiikuta ile protini, mbegu inang'aa kijani.

Zangu hazikung'aa. Msimu mzima wa baridi nilichungulia giza. Niliwalaumu sungura, nikaimwaga damu yao, nikadunga wengine, mambo yakawa yaleyale. Mwishowe mwalimu wangu, mama mmoja mpole, akaniuliza, "Hizi mbegu unazojaribia unazitoa wapi?" Niliona aibu. Wanaume wa kujitolea ni wachache, kwa hiyo nilikuwa natumia zangu mwenyewe. Akaniletea za mtu mwingine, na kioo kizima kikawaka kijani.

Sungura hawakuwa na kosa, Mama. Nimerudia jaribio mpaka nimechoka, nikaenda na hospitali. Mbegu zangu zipo, zinaogelea vizuri tu, ila protini ile hazina. Daktari amesema kwa njia ya kawaida sitapata mtoto. Nilijifungia chooni nikalia. Chakula hakipiti, na kila asubuhi naenda kuchungulia mbegu za wanaume wenzangu zinavyong'aa. Sioni kwa nini niendelee na kazi hii, na kurudi nyumbani naogopa.

Na sasa mjomba anasema ukoo umeshakaa kikao, Neema arudishwe kwao na ng'ombe wetu warudi, kwa kuwa hazai. Wewe mwenyewe uliniambia, "Shamba lile halioti kitu, mwanangu." Mama, shamba ni zima.

Nisalimie bibi, na dada yangu na wanawe. Mjomba mwambie aache kuwaahidi watu mahindi. Neema, kama uko hapo, msomee mama yote, usiruke neno kwa kunionea haya.

Na kama sauti unayoisikia sasa si ya Neema, basi nimechelewa, Mama. Tuma mtu amfuate kwao leo hii.

Ni mimi mwanao,
Yona