Ndama Wamehamishwa kwa Kukoroma Kwangu

Paulina mpwa wangu,

Hapa kijijini Balangdalalu baridi inauma masikio, na mimi nimedharauliwa! Huku ndama hulala ndani pamoja na mgeni. Leo asubuhi wenyeji wangu wamewahamishia kwa jirani, eti nakoroma mpaka ndama wanakata kamba. Sikatai, sauti ninayo; fisi wa mlimani wamekimbilia Singida. Lakini mkwe wao, nesi, akanikatisha uji: "Shikamoo baba. Pumzi yako inakatika usingizini. Usingizi mbovu unaleta njaa, unene, hata kisukari. Twende ukapimwe."

Kitambi hiki cha heshima kiitwe ugonjwa! Nikaenda naye zahanati ili nimwaibishe. Sukari iko juu. Nimegombana na mashine, nikapimwa tena, ikarudia vilevile. Jumapili niombee, mwanangu, na mama yako asijue.

Mjomba Safari